Namba 17 Yuko Wapi?

Sanduku la kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti. Wote watatu wasipofika, pesa haionekani. Jumamosi moja nilikaa mkekani, kwenye kibaraza cha nyumba moja Mbagala, Dar es Salaam, nikaliangalia sanduku hilo likifunguliwa. Katibu alikuwa akiita namba. Kila aliyeitwa alisogea, akanunua hisa zake, akagongewa mihuri kitabuni, akarudi kukaa. Ilipofika 17 pakawa kimya. Akaita tena. Mtunza nidhamu, ambaye kazi yake ni kutoza faini wachelewaji na wanaochezea simu, akadakia: "Namba kumi na saba yuko wapi? Wiki iliyopita pia hakuja." Jirani yake akasema yupo nyumbani, hana hela ya hisa, anaona haya.

"Nani kamwambia aje na hisa? Aje na miguu yake," mwenyekiti akasema, na wawili wakatumwa hapo hapo. Mkutano ukasimama. Kama dakika ishirini hivi baadaye, namba 17 akaja katikati ya wale wawili, kanga kaifunga haraka haraka, akacheka kidogo, akakaa. Hakuna aliyemhubiria. Wakasogeza miguu kumpa nafasi, katibu akaendelea na 18.

Namkumbuka mama huyo kila ninapokutana na biashara mpya ya kuwatia moyo wanawake. Siku hizi kuna makongamano hotelini yenye kiingilio, fulana na chakula cha mchana. Kuna wahamasishaji wanaopaza sauti jukwaani kwamba amka, jipende, wewe ni malkia. Kuna klipu za dakika moja zinazorushwa alfajiri kwenye magrupu ya WhatsApp, na maua mekundu pembeni. Siyadharau yote, nimewaona watu wakitoka kwenye kongamano wakiwa wepesi kama waliotua kuni. Lakini Jumatatu inafika, na aliyekuambia wewe ni malkia hajui hata unakaa mtaa gani. Ninavyoona mimi, mwanamke aliyekata tamaa anapata nafuu pale anapokuwa na mahali ambapo asipofika kuna mtu atauliza. Hilo ndilo swali la uchambuzi huu: wanawake wanapoinuana, ni kitu gani hasa kinachoinua?

Tuanze na jinsi furaha inavyopotea, maana wengi hudhani hutoweka siku ya balaa. Waliowahi kukaa matanga wanajua sivyo. Siku ya msiba nyumba inafurika. Wanawake wanatandika mikeka, wanaosha mchele kwa madebe, wanalala sebuleni wamepangana kama dagaa ili mfiwa asiachwe peke yake. Kisha tanga linaondolewa. Mjane wa Kiislamu anabaki na eda yake ya miezi minne na siku kumi, na kila wiki wageni wanapungua. Siku anayotoka eda, akitarajia kurudi duniani, anakuta dunia imeshajipanga bila yeye. Marafiki wa mumewe hawana tena sababu ya kupita. Watoto wana kwao. Hakuna anayemtuma wala anayemsubiri.

Na si wajane tu. Yuko aliyerudishwa kwao na talaka akiwa na miaka 45, akapewa chumba cha uani. Yuko mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60, aliyezoea kuamshwa na kengele ya shule. Yuko aliyerudi kutoka Muscat au Dubai baada ya miaka mingi ya kazi za ndani; nyumba kaijenga, ila watoto wanamwita bibi yao mama, na yeye wanamwita kwa jina. Majirani watasema ana mawazo. Hospitali wataandika sonona. Hao wote wanafanana kwa jambo moja: siku zao zimekosa mdai.

Wanawake wa pwani walilijua jambo hili kabla ya hospitali. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama vya ngoma ya lelemama vya mji huo, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyokuwa na wanachama, vyeo, michango, sare na uhasama. Uhasama nautaja makusudi. Chama kimoja kikipika biriani, kingine kinachinja ng'ombe. Hawa wakitoka na kanga mpya, wale wanakesha wakitafuta jibu. Waume walinung'unika kuhusu gharama, na wenye kukemea walikemea. Lakini mwanamke ambaye nyumbani hakuulizwa rai yake, humo ndani alikuwa na cheo, alikuwa na watu anaowaongoza na wengine wa kuwashinda. Hata mwenye asili ya utumwa, ambaye mji haukuacha kumkumbusha, aliweza kupanda. Ngoma ilimpa kazi ya kufanya kuanzia Jumatatu mpaka siku ya kucheza.

Kwa nini hili si suala la burudani tu, Dar es Salaam ilionyesha mwaka 1955. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na mwaka mmoja, na mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wako wapi. Aliyetafutwa kulijibu swali hilo alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuhangaika na mwanamke mmoja mmoja mlangoni. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, maana vikundi hivyo tayari vilikuwa na orodha, siku za kukutana na watu waliozoea kuitana. Maelfu ya wanawake wakaingia TANU katika muda mfupi, wengi wao wakiwa hawajui kusoma, wauza maandazi na wapika pombe. Susan Geiger, aliyewahoji baadhi yao na kuchapa kitabu mwaka 1997, alionyesha kwamba siasa haikuwafundisha wanawake hao umoja; iliwakuta nao. Ngoma za vibarazani ziligeuka matawi ya chama.

Kipimo cha kitabibu nacho kipo, na kimetoka kwa jirani. Mwaka 2003 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapa utafiti ulioongozwa na Paul Bolton katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, kusini-magharibi mwa Uganda, sehemu ambazo UKIMWI ulikuwa umezikausha. Katika vijiji 15 walichaguliwa wanawake wenye dalili za sonona, katika vingine 15 wanaume. Baadhi ya vijiji vilipewa vikundi vya kukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Vingine vikaachwa kama vilivyo ili kulinganisha. Vidonge havikutolewa. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa huko huko, mwanamke kwa wanawake na mwanamume kwa wanaume, aliyefunzwa kwa wiki mbili. Mwanzoni asilimia 86 ya walioingia vikundini walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Kwa wale ambao hawakupewa vikundi, asilimia 94 ilishuka hadi 54.7, maana huzuni nyingine hujiondokea yenyewe. Tofauti iliyobaki ni kubwa mno kuita bahati.

Kilichofanyika ndani ya vikundi kinanivutia kuliko tarakimu. Kila wiki kila mmoja aliulizwa hali yake imekuwaje na nini kimetokea tangu walipoachana. Wenzake walimsaidia kutafuta la kufanya: akaongee na shemeji, aombe jembe, aende kaburini. Wiki iliyofuata aliulizwa kama alilifanya. Tena lile swali. Utafiti ulipokwisha na watafiti wakaenda zao, vikundi vingi viliendelea kukutana bila kuambiwa na mtu.

Zimbabwe walifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi Mbare, kitongoji cha Harare, akiwa na bibi 14 wa afya ya jamii na mabenchi yaliyowekwa nje ya zahanati. Aliliita benchi la afya ya akili, na watu wakalipita mbali. Bibi wenyewe ndio waliobadilisha jina, likawa Chigaro Chekupanamazano, kiti cha kupeana mawazo, watu wakakaa. Ugonjwa nao waliuita kwa jina la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2016, ya wagonjwa 573, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi walibaki na dalili za sonona kiasi cha asilimia 14, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 50.

Benchi peke yake lisingetosha. Aliyemaliza vikao vyake na bibi alialikwa kwenye duara la wenzake, Kubatana Tose, ambako walikaa wakifuma mikoba kwa vipande vya plastiki huku wakizungumza. Nadhani mikoba hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Mtu mwenye aibu hawezi kukaa saa mbili akitazamwa usoni. Mpe kitu cha mikononi, macho yashuke, na ulimi utafunguka. Anayewajua wanawake wanaosuka ukili, wanaochambua mchele au wanaosukana nywele mlangoni hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna majeraha ambayo mtu angedhani mkeka na mazungumzo haviyafikii. Bukavu, mashariki ya Kongo, kuna kituo kilichofunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya wanawake waliobakwa vitani, wengi wakiwa vijana wa miaka 18 hadi 30. Kinaitwa Mji wa Furaha, jina ambalo mwanzoni niliona kama dhihaka. Wanawake 90 hukaa humo kwa miezi sita, wakijifunza kusoma, kujilinda, haki zao na kazi za mikono, kisha hurudi kwao wakiwa na wajibu wa kuwafundisha wengine. Nilipofika kwenye wajibu huo nikaielewa furaha inayosemwa pale: mwanamke anaingia akiwa mhanga wa kuhurumiwa, anatoka akiwa na watu wanaomtegemea.

Lakini mfano ninaourudia ni wa Huye, kusini mwa Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, nchi ilijaa wajane. 50 kati yao walianzisha chama chao, AVEGA, mapema mwaka 1995, kwa mambo ya lazima: paa, dawa, kesi, yatima. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2004, mwandishi wa michezo ya kuigiza Odile Gakire Katese akafanya jambo ambalo halikuwa la lazima hata kidogo. Aliwakusanya wanawake wapige ngoma. Kwa mila ya Rwanda ngoma kubwa zilikuwa za wanaume. Mwanamke hakutakiwa hata kuzigusa. Kikundi kikaitwa Ingoma Nshya, ngoma mpya, na kwa kuwa Kinyarwanda kinatumia neno hilo hilo kwa utawala, jina lina maana ya pili. Walioingia walikuwa wajane na yatima wa waliouawa, pamoja na wake na mabinti wa waliofungwa kwa kuua.

Fikiria mazoezi ya kwanza. Aliyefiwa na mume anasimama bega kwa bega na mke wa mtu aliyekuwa kwenye kundi la wauaji. Hawajaambiwa wasameheane. Wameambiwa wapige kwa pamoja. Ngoma za kundi haziachi nafasi ya kuzama kwenye mawazo; ukikosa pigo lako, wa kushoto anapotea, na wa kulia anakutazama. Unalazimika kumsikiliza usiyetaka kumsikia, kwa mikono. Mwaka 2010 baadhi yao walifungua duka la aiskrimu mjini humo, Inzozi Nziza, ndoto nzuri. Ngoma na aiskrimu, vitu viwili ambavyo mfadhili mwenye akili timamu asingevitia kwenye bajeti ya wajane! Ndiyo maana napenda mfano huu. Tumezoea kuwapa wanawake maskini cherehani na vifaranga, kana kwamba furaha ni ya waliokwisha shiba.

Hapo tumefika kwenye pesa, na pesa ndiyo mahali ambapo mambo haya hunoga na kuharibika. Katikati ya Kenya, miaka ya 1960, wanawake walichangiana kununua mabati, nyumba moja baada ya nyingine, kwa zamu. Mwenye zamu yake alipata paa, na pamoja na paa alipata siku moja ambayo wenzake wote walikuwa uani kwake kwa ajili yake. Vikoba vya leo vina ukoo tofauti: mfumo wake ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipowasaidia wanawake kukopeshana akiba zao wenyewe badala ya kusubiri mkopo wa nje. Ulipofika kwetu ulikutana na vitu vilivyokuwapo, upatu na mchezo wenye kijumbe wake, ndiyo sababu haukuonekana mgeni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitaka vikundi hivyo visajiliwe. Mfuko wa hisa hukopesha. Mfuko wa jamii, ule wa shilingi chache, hushughulikia ugonjwa na msiba. Ukitaka kujua kikoba ni cha namna gani, usiulize kina milioni ngapi. Uliza mara ya mwisho mfuko wa jamii ulifunguliwa kwa ajili ya nani.

Maana ile nguvu ya kuulizwa "uko wapi" imeshapata mnunuzi. Kampuni za mikopo ya vikundi ziligundua zamani kwamba mwanamke asiye na hati ya nyumba ana dhamana nyingine: wenzake. Mnakopeshwa mkiwa kikundi, na mmoja akikwama mnamlipia, kwa hiyo mtamfuata wenyewe. Ndipo tukapata mikopo kausha damu na siku za marejesho. Wanawake wale wale waliokuja msibani na mikeka wanakuja alfajiri kubeba godoro, jiko la gesi na televisheni. Mama anazima simu, anahama mtaa kwa siku tatu, mtaani wanasema kakimbia marejesho. Aliyekuwa anakosekana kwa aibu ya hisa alifuatwa akaletwa mkekani; huyu anafuatwa ili avuliwe. Miguu inayotumwa inaweza kuwa ile ile. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kikundi chochote cha wanawake ni baraka. Kikundi kinachokula dhamana ya urafiki kinaacha upweke mbaya kuliko ule kiliokuta, kwa sababu sasa mtu anawaogopa hata waliokuwa wake.

Kuna kasoro ndogo zaidi ambazo nazipita haraka: sare mpya kila sherehe mpaka mtu akope ili apendeze, siri za mkekani kukutwa sokoni, na ukweli kwamba fukara kabisa, mlemavu au anayedhaniwa hatalipa huwa haalikwi. Lakini kasoro moja haifai kupitwa. Kutiana moyo kunaweza kuwa kutiana uvumilivu mahali ambapo uvumilivu ni hatari. Shangazi na makungwi wetu wamerithishana hekima nyingi, na ndani yake mna neno moja lililowazika wengi: vumilia. Binti anatoka kwenye kitchen party na vyombo, vitenge na onyo kwamba ya ndani hayatoki. Miaka mitatu baadaye ana jicho jekundu, na wanawake wanaompenda wanamtia moyo arudi. Wanatumia sauti nzuri, machozi na mifano ya ndoa zao, naye anarudi. Hao nao ni kikundi cha kuinuana, kwa maneno yao. Umoja, kijiji cha Samburu karibu na Archers Post, kilizaliwa mwaka 1990 kwa sababu Rebecca Lolosoli na wenzake wapatao 15 walikataa moyo wa aina hiyo. Baadhi yao walikuwa wamebakwa na askari wa Uingereza, kisha wakafukuzwa na waume zao kwa aibu. Walijenga boma lao lisilokaliwa na mwanamume, wakauza shanga kwa watalii. Si kila mtu ahame, ila moyo unaotiwa lazima uwe na mlango wa kutokea.

Watauliza wengine: na serikali je? Swali halali. Mkeka hauwezi kuwa badala ya zahanati, wala bibi wa benchi si badala ya daktari, na nina shaka na viongozi wanaosifu vikundi vya akina mama kila panapokosekana huduma. Hata hivyo daktari hakujui kwa namba yako, na Jumamosi hayupo.

Kwa hiyo neno langu ni kwa makatibu, wenye daftari na kalamu. Mkutano ujao, kabla sanduku halijafunguliwa, ita namba zote bila kugusa hela. Namba isiyoitika mara ya pili iandike pembeni, na mkeka usikunjwe mpaka wawili wawe wametajwa watakaokwenda kwake jioni hiyo, bila kitabu cha hisa.